Ndoo ya Chokaa Isiyo na Gundi

Mjukuu wangu alikuwa anasoma kwa sauti mezani, mimi nachambua maharage, mara ukurasa mmoja ukachomoka wenyewe kwenye kitabu chake cha historia, ukaelea kidogo, ukatua mapajani mwangu. Nikauchukua ili nimrudishie. Juu yake kulikuwa na picha ya ndege, na mbele ya ndege amesimama msichana mwenye gauni lililopigwa pasi, ameshika burashi kama mtu aliyepewa ua. Chini yake wameandika kwamba hilo ni jeshi letu la anga, likiwa imara kulinda anga ya nchi isiyo na upande.

Yule msichana ni mimi. Na siku ile ile, saa moja na nusu hivi baada ya picha kupigwa, nilikaribia kuiangusha robo ya jeshi hilo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mjukuu alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Akauliza kama nilikuwa rubani. Nikamwambia nilikuwa mpaka chokaa. Niliona uso wake unavyoshuka, maskini, kama mtu aliyeahidiwa mkate akapewa mfuko. Nikamsimulia, lakini nikisimulia kwa mdomo huwa naruka mambo. Kwa hiyo nimekaa niandike taratibu, hatua kwa hatua, kama nilivyopaswa kufanya siku ile.

Wakati huo majirani zetu wawili, wa mashariki na wa magharibi, walikuwa katika mwaka wa pili wa kupigana. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Serikali yetu ikaamua kwamba safari hii nyasi zitakuwa na jeshi la anga. Zikanunuliwa ndege nne: mbili kutoka mashariki na mbili kutoka magharibi, ili asinune mtu. Moja ya zile za magharibi haikuwa na propela. Tuliihesabu hivyo hivyo, kwa sababu kuiondoa kwenye hesabu kungetufanya tuonekane tumeelemea mashariki.

Shida ya kununua ndege kwa wanaopigana ni kwamba ndege zako zinafanana na zao. Ikipita moja juu, huwezi kujua ni ya kwako au ni ya mgeni. Ndiyo maana zetu zilichorwa mistari mipana miwili, myeupe, chini ya kila bawa na kuzunguka kiuno. Rangi ya mafuta ilikuwa inatengenezwa mashariki peke yake, kwa hiyo tukaikataa kwa heshima. Tukatumia chokaa, kwa kuwa vilima vyetu vimejaa chokaa na chokaa haina upande.

Ila chokaa na mvua hawapatani. Ukipaka chokaa tupu, mvua ya kwanza tu inaiosha kama poda usoni mwa bibi harusi anayelia. Kwa hiyo tulikuwa na njia yetu. Unachukua chokaa, unatia chumvi, halafu unatia gundi ya kuchemsha, ile ya ngozi na kwato, na unakoroga juu ya moto mdogo saa nzima hadi mti wa kukorogea usimame wenyewe. Gundi ile ilinuka, sijui nisemeje. Ilinuka kama kitu kilichokufa mara mbili. Ikiingia kwenye nywele inakaa siku tatu. Kila Ijumaa yule mama aliyeshika funguo za stoo, tuliyemwita Bi Stoo, aliniwekea kipande cha sabuni nyuma ya pipa la chumvi. Hakuwahi kusema ni yeye, na mimi sikuwahi kuuliza. Nilikuwa na miaka ishirini, nikadhani sabuni huota.

Kilimani, nyuma ya uwanja wa ndege, kulikuwa na mzinga mmoja. Kaka yangu alikuwa mmoja wa watu watatu wa mzinga huo, chini ya sajini mzee aliyeishi kwa kanuni. Kanuni yenyewe ilikuwa hivi: ndege yoyote isiyo na mistari myeupe ikisogea uwanjani, pigeni kombora moja la onyo. Hesabuni hadi mia. Ikiwa haijaondoka, pigeni kweli. Na anayeweza kuzuia ni Mkuu wa kikosi peke yake, kwa simu, kwa kutaja neno la siku hiyo.

Hapa lazima niseme jina nililoitwa nyumbani. Kaka yangu aliniita Mruka Hatua. Tangu utoto nilikuwa mtu wa kufanya kazi yote vizuri isipokuwa kitu kimoja cha katikati. Niliwahi kumshonea mama gauni, nikakunja pindo, nikatia vifungo, nikalipiga pasi, na alipotaka kulivaa ndipo ikaonekana sikukata tundu la shingo. Mama alisema ni mto mzuri sana. Akaujaza pamba, akaulalia miaka mingi, na kila mgeni aliambiwa mwanangu ndiye aliyeushona. Nilidhani ananisema. Sasa mimi ni bibi, najua alikuwa anajivuna.

Basi, siku ile wakaja watu wa gazeti. Mkuu alituambia asubuhi kwamba watapiga picha za marubani, za ndege, na labda za mafundi wakiwa kazini. Mimi sikuwa fundi, lakini neno "labda" lilinitosha. Nilikuwa nimekuja na gauni langu jipya kwenye mfuko. Mvua ya usiku ilikuwa imeharibu mistari ya ndege moja ya mashariki, ile aliyokuwa anairusha Shingo, na kazi ya kuipaka upya ilikuwa yangu.

Shingo alikuwa kijana mrefu, na sehemu kubwa ya urefu wake ilikuwa kati ya mabega na masikio. Wenzake walisema yeye akikaa ndani ya ndege anaona nchi mbili zaidi ya wengine. Alikuwa rubani pekee aliyefuta viatu kabla ya kupanda, kwa kuwa alijua nani alisafisha ile ngazi. Na kila asubuhi kabla hajagusa bawa aliniuliza kama chokaa imekauka, kama mtu anayebisha hodi.

Niliweka chokaa kwenye ndoo. Nikatia chumvi. Sufuria ya gundi ilikuwa pale pale, imefunikwa, na moto ulikuwa tayari. Nikaitazama, nikalitazama gauni. Nikaangalia juu: anga lilikuwa safi, hata wingu la kuazima halikuwepo. Nikajiambia nitapaka hivi hivi sasa, wapige picha yao, halafu jioni nitapaka tena na gundi yake. Mpango mzuri kabisa. Ulikuwa na kila kitu isipokuwa tundu la shingo.

Chokaa bila gundi inang'aa sana, hilo niliseme wazi. Mpiga picha alipita ndege zote, akasimama kwenye ya kwetu, akasema mistari hii ndiyo inayopendeza. Akaniambia nishike burashi, niinue kidevu. Nikainua. Hiyo ndiyo picha mnayoiona kwenye kitabu.

Kabla sijashusha kidevu vizuri, king'ora kikalia. Ndege ngeni imeingia kutoka mashariki.

Kulinda anga kwetu kulikuwa hivi. Rubani wetu anaruka, anamkaribia mgeni, anakaa kando yake, anamwonyesha kwa mkono njia ya kurudi kwao, kama mtu anayefukuza kuku barazani bila kutaka kugombana na mwenye kuku. Mgeni akikataa, anaonyeshwa tena. Tulikuwa na risasi pia, lakini zilikuwa kwenye kabati, na ufunguo alikuwa nao Mkuu. Na sheria ilitaka mgeni wa mashariki aonyeshwe njia na ndege ya mashariki, wa magharibi na ya magharibi, ili mtu afukuzwe na kitu cha kwao na asione ameonewa. Siku ile zamu ikawa ya Shingo.

Aliniuliza kama imekauka. Nikamwambia imekauka, na huo ulikuwa ukweli. Akafuta viatu, akapanda, akaondoka.

Mkuu, kwa vile mambo yalikuwa yanaendelea vizuri, aliwachukua watu wa gazeti akawapeleka mjini kula. Mimi nikakaa kwenye benchi nje ya stoo, gauni safi, nywele hazinuki, nikijiona mtu. Bi Stoo alikuwa ndani anahesabu magunia. Ilipita kama saa moja. Halafu upande wa mashariki, juu ya milima, nikaona anga limekuwa jeusi kama chungu.

Sikuelewa mara moja. Nilifikiria kwanza nguo zangu kwenye kamba nyumbani. Halafu nikakumbuka mistari ya Shingo.

Mlio wa ndege ulisikika kabla haijaonekana. Ikatoka kwenye mawingu, ya kijivu, imelowa, uchi wa mnyama. Hakuna mstari hata mmoja. Ilikuwa ya mashariki, aina ile ile ya mgeni aliyeingia, na mtu yeyote kilimani angesema jambo moja: wameondoka wawili, amerudi mmoja, na aliyerudi si wetu.

Mzinga ukalia. Kombora la onyo lilipita mbali, likaangukia bustani ya Mkuu na kumaliza kabichi zake zote. Na ndege ile badala ya kukimbia ikatikisa mabawa, kushoto, kulia, kama mtu anayepunga mkono sokoni, ikaanza kuzunguka ili itue.

Nilikimbilia simu ya ukutani mle stoo, ile ya kuzungusha mkono. Nilizungusha hadi Bi Stoo akaniambia nitaing'oa. Kilimani akapokea kaka yangu. Aliniambia nikate simu, wanasubiri Mkuu apige. Akaniambia, polepole, kwamba Shingo wamemmaliza. Walikuwa wanacheza karata kila Jumapili, yeye na Shingo. Nyuma yake nilimsikia Sajini anahesabu kwa sauti, thelathini na moja, thelathini na mbili.

"Kaka, usipige. Huyo ni Shingo."

Aliniuliza neno la siku. Sikuwa nalo. Nikamwambia Mkuu yuko mjini anakula. Nikasikia anamweleza Sajini, na Sajini, bila kuacha kuhesabu, akasema baina ya arobaini na arobaini na moja kwamba hata jasusi anaweza kujifunza sauti ya dada wa mtu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo. Ningeweza kusema nimeuona uso wa rubani, au Mkuu ameniagiza. Uongo wa namna hiyo ulikuja mdomoni haraka sana, na wote ulikuwa mzuri kuliko ukweli. Lakini Bi Stoo alikuwa ameacha magunia, amesimama ananitazama, na macho yake yalikwenda kwenye sufuria ya gundi iliyofunikwa. Alinisogezea kiti tu.

"Kaka, sikutia gundi," nikasema. "Watu wa gazeti walikuwa wanakuja, sikutaka kunuka. Nimetia chokaa na chumvi tu. Mvua imeosha."

Hamsini na nane, hamsini na tisa.

"Umeruka hatua," akasema kaka.

"Nimeruka."

"Na ulivaa lile gauni la bluu?"

"Nililivaa."

Nikamsikia anageuka, anamwambia Sajini maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote, sijui kama tusi au kama dua. Alisema, "Mzee, hakuna jasusi duniani anayeweza kubuni uzembe huu. Jasusi angekuja na uongo wenye akili. Huyu ni mdogo wangu, na ile ni ndege yetu."

Sajini alisema kanuni ni kanuni. Kaka akaenda akakalia sanduku la makombora. Alikuwa mwembamba kama ufito, mtu mmoja angeweza kumnyanyua kwa kola, lakini alikaa. Wenzake wawili wakatazama pembeni, wakawa ghafla wanaona jambo la maana sana kwenye kamba za viatu vyao.

Na Sajini akaendelea kuhesabu. Sabini, themanini, tisini. Simu ilikuwa haijakatwa, nikasikia kila tarakimu. Alipofika tisini na tisa nilifumba macho. Akasema mia. Halafu akakohoa, akasema moja. Mbili. Tatu.

Kaka alinieleza baadaye kwamba mzee alikuwa amesimama wima, mkono kwenye paji la uso kukinga jua lisilokuwepo, akiifuata ndege kwa macho. Alipoulizwa alijibu kwamba kanuni inasema hesabu hadi mia, haikatazi kurudia. Alihesabu mia tatu siku ile. Kwenye ile ya tatu, magurudumu yakagusa ardhi.

Shingo alishuka, akaizunguka ndege yake taratibu, akapitisha kiganja tumboni mwa ndege. Maji meupe yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye gurudumu. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo yangu, nalia kama mtoto aliyemwaga maziwa. Akaja hadi nilipo. Alinieleza kwamba yule mgeni alikuwa amepotea tu, mtoto mdogo mwenye ramani iliyolowa. Amemwonyesha kwao, na mgeni akampungia mkono. Kwamba aliporudi alisikia mzinga, akadhani tumefurahi kumwona. Halafu akatoa leso, na nikadhani ananipa nifute machozi, lakini aliinama akafuta tone la chokaa kwenye pindo langu.

"Gauni limepona?" akauliza.

Sijawahi kupigwa kofi lililoniuma kama swali lile, wala sijawahi kufarijiwa vile.

Mkuu aliporudi alikuta kabichi hazipo, akataka maelezo ya maandishi kutoka kwa kila mtu. Ndipo yakaandikwa mambo. Shingo aliandika kwamba mvua ya siku hiyo ilikuwa kali kuliko mvua yoyote aliyowahi kuiona, na hakuna chokaa duniani ambayo ingeistahimili. Sajini aliandika kwamba mzinga ulijaribiwa kwa mujibu wa ratiba na ukaonekana mzima. Mkaguzi alipokuja kupima gundi ya stoo, kiasi kilichotakiwa kutumika kilikuwa kimetumika barabara. Siku tatu baada ya hapo Bi Stoo alipita karibu yangu, na nilisikia harufu ile kwenye nywele zake. Ilikuwa Ijumaa. Nilikwenda mjini nikanunua sabuni, nikaiweka nyuma ya pipa la chumvi.

Mimi nilijaribu kukiri. Nilimwandikia Mkuu barua, ukurasa mzima. Nilisahau kuweka jina langu. Akaisoma mbele ya kikosi kizima kama mfano wa mtu asiyejulikana mwenye moyo mweupe, akatuomba tuige.

Basi ndivyo tulivyoingia kwenye historia. Waandishi wa vitabu walikuta makaratasi yale: mvua kali, mzinga mzima, gundi kamili, rubani aliyemrudisha mgeni bila kumwaga damu. Wakaona jeshi imara. Siwalaumu. Kila neno pale liliandikwa na mtu aliyekuwa anamfunika mwenzake.

Vita vikaisha bila sisi kupigana na mtu. Shingo alioa mwalimu, akazeeka vizuri, na siku ya harusi yangu alileta kopo la gundi limefungwa utepe. Kaka yangu yupo bado. Masikio yamemwisha, anapiga simu kila Jumapili, na kabla ya salamu, kabla ya kuuliza hali, anauliza kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Umetia gundi?" Nikijibu nimetia, ndipo anakubali kwamba ni mimi. Siku moja binti yangu alipokea akajibu "Gundi gani, Mjomba?" Kaka akakata simu.

Jumapili hii nilimsomea yale yaliyoandikwa chini ya picha. Nilirudia mara tatu ndipo akasikia. Alicheka hadi akakohoa, akauliza kama nitawaandikia wenye kitabu wasahihishe. Nikasema nilifikiria hivyo. Halafu nikamwambia jambo lingine nililoliona. Ukurasa wangu haukuchomoka peke yake. Mjukuu alipokitikisa kitabu, zilianguka nyingine nne, na mgongo wake, nilipoupitisha kidole, ulikuwa mkavu. Kurasa zimepangwa sawa, zimekatwa sawa, jalada linang'aa. Mtu ameruka hatua moja tu ya katikati.

Kaka akaniuliza nitafanya nini sasa.

Nimekwisha fanya. Nimeweka sufuria jikoni, moto mdogo, nakoroga na mjukuu wangu, na nyumba nzima inanuka. Tutabandika kurasa zote, moja moja, na yangu pia. Huyo aliyekosea simjui, na barua sitaandika. Labda siku ile walikuwa wanakuja watu wa picha.